Mimbari Tupu: Kuandaa Midahalo ya Wagombea Kuelekea Agosti 2027

Mwenyekiti, wahariri, watangazaji wa redio za kaunti, mafundi wa mitambo mlioketi nyuma huko kama kawaida yenu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie hamu ya wananchi ya kutazama midahalo ya wagombea kwenye televisheni. Kuhusu hamu yenyewe sina maneno mengi, kwa sababu ipo na haihitaji wakili. Tarehe 11 Februari 2013 wagombea wanane wa urais walisimama pamoja katika shule ya Brookhouse, Nairobi, kwa mdahalo wa kwanza wa urais katika historia ya Kenya. Televisheni nane na redio 34 ziliurusha kwa wakati mmoja. Wapo wanaosema watu walitazama kwa kuwa kila kituo walichofungua kilikuwa na sura zilezile. Redio ina kitufe cha kuzima, na usiku ule watu hawakukigusa.

Hamu hiyo pia si ya kutazama tu na kucheka. Mohammed Abduba Dida alikuwa mwalimu ambaye Wakenya wengi hawakuwa wamelisikia jina lake mwaka ulipoanza. Alipewa mimbari sawa na vigogo, akazungumza lugha ya mtaani, akaonekana mara mbili, 11 na 25 Februari. Tarehe 4 Machi alipata kura 52,848. Martha Karua, aliyekuwa mbunge wa Gichugu tangu 1992 na waziri wa masuala ya haki, alipata 43,881. Siwezi kuapa kwamba ni mdahalo pekee uliofanya hivyo, lakini sioni ni kitu gani kingine kilichomfikisha Dida katika sebule za watu kote nchini kwa majuma matatu.

Basi kama hamu ipo, kinachokosekana ni nini? Kinachokosekana ni mgombea. Na hapa ndipo nitakaa muda mrefu zaidi leo.

Mwaka 2017, mdahalo wa wagombea wenza ulifanyika tarehe 17 Julai. Aliyefika ni mmoja tu, Eliud Muthiora Kariara, mgombea mwenza wa mgombea huru. Naibu wa Rais hakufika, wala mgombea mwenza wa muungano mkuu wa upinzani. Juma moja baadaye, tarehe 24 Julai, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kule Lang'ata, Raila Odinga alisimama peke yake kwa dakika 90 kwa kuwa Rais Uhuru Kenyatta hakuja. Miaka mitano ikapita, chuo kilekile, tarehe 26 Julai 2022. Safari hii aliyesimama peke yake ni William Ruto. Kambi ya Raila ilikuwa imetangaza siku mbili kabla kwamba hatashiriki. Jioni ileile, katika awamu ya kwanza iliyopangiwa wagombea wenye asilimia ndogo katika kura za maoni, George Wajackoyah alifika chuoni, akakataa kuwekwa katika kundi hilo, akaondoka. David Mwaure Waihiga akabaki kujibu maswali peke yake. Kwa hiyo usiku mmoja tulikuwa na midahalo miwili, na kila mmoja ulikuwa na mtu mmoja. Huko siko kujadiliana. Hayo ni mahojiano yenye taa nyingi.

Kumbukeni kwamba wiki moja kabla, tarehe 19 Julai, Rigathi Gachagua na Martha Karua walikuwa wamekutana ana kwa ana na nchi ikatazama. Wagombea wenza wa 2022 walitupa mdahalo mzuri kuliko mabosi wao.

Msikubali mtu awaambie kwamba anayekwepa huadhibiwa na mpiga kura. Mwaka 2017 aliyekwepa alitangazwa mshindi kwa asilimia 54 mwezi Agosti, ingawa Mahakama ya Juu ilifuta matokeo yale kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2022 aliyekwepa alishindwa kwa kura 233,211. Huwezi kutoa kanuni kwenye mifano miwili inayopingana, na wapanga mikakati wa vyama wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Hesabu yao ni rahisi: mgombea anayeamini anaongoza ana mengi ya kupoteza na machache ya kupata. Yoweri Museveni alikosa mdahalo wa kwanza wa Uganda, Januari 2016, kisha akafika katika wa pili, tarehe 13 Februari, siku tano kabla ya kura. Uhuru mwenyewe mwaka 2013 kambi yake ilisema hatarudi kwa mdahalo wa pili, na siku ilipofika akarudi. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kuja au kutokuja haujakamilika mpaka saa ya mwisho, na unaweza kusukumwa.

Nchi nyingine zimeusukuma kwa sheria. Nchini Argentina, Daniel Scioli alikosa mdahalo wa kwanza Oktoba 2015 na mimbari yake ikaachwa wazi. Mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria namba 27.337 inayofanya mdahalo wa urais kuwa wa lazima. Asiyefika hapelekwi jela wala hatozwi faini. Anapoteza muda wa matangazo ya kampeni ambao serikali humpa bure hewani, unagawiwa waliofika, na mahali pake jukwaani panaachwa tupu ili watu waone. Ni adhabu ya akili, kwa sababu inamnyima mgombea kitu anachokitaka kweli. Meksiko nayo imeipa tume yake ya uchaguzi jukumu la kuandaa midahalo miwili ya urais.

Sisi hatuna sheria kama hiyo, na kati ya leo na Agosti 2027 sioni bunge likiitunga dhidi ya wabunge wenyewe. Lakini tuna karatasi na kalamu. Kitu kinachotuangusha kila mara ni kwamba swali la "asipofika tufanyeje?" tunalijibu usiku wa kuamkia mdahalo, mgombea mmoja akiwa ametishia na mwingine akiwa ameshapaka poda. Linatakiwa lijibiwe siku 90 kabla, kwa maandishi, na pande zote zipate nakala.

Barua ya mwaliko iwe na mambo haya bila kuficha: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, ukumbi, lugha, muda wa kila jibu, jinsi ya kupanga nani anaanza, kama vipaza sauti vitazimwa na nani atavizima, karatasi gani zinaruhusiwa mimbarini, kila kambi inaleta watu wangapi, na kigezo cha kualikwa. Kisha aya moja ya peke yake inayosema hivi, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: mgombea asipofika, mdahalo utaendelea saa ileile; mimbari yake itabaki na jina lake; maswali aliyoandaliwa yatasomwa; na muda wake hautapewa mpinzani bali utatumiwa na mwendeshaji kumhoji aliyefika.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Mkimwachia aliyefika dakika zote 90, mmempa mkutano wa kampeni bila gharama ya helikopta, na aliyekwepa atasema, kwa haki, kwamba mlikuwa na upande. Ahirisheni, nalo ni kosa kubwa zaidi, maana mmemkabidhi kila mgombea kura ya turufu. Njia iliyobaki ina kazi zaidi. Andaeni faili la pili. Faili la kwanza ni la mdahalo wa watu wawili, lina maswali 13 au 14. Faili la pili ni la mtu mmoja, lina maswali kati ya 25 na 30, kwa sababu hakuna mpinzani wa kula muda wala wa kusema "hilo si kweli". Kila swali katika faili la pili liambatane na msimamo wa asiyekuwepo kama ulivyo katika ilani yake iliyochapishwa, ukurasa utajwe, ili mwendeshaji aweze kusema: mpinzani wako ameandika hivi, wewe unamjibu nini? Na mufupishe. Dakika 60 zinatosha kumhoji mtu mmoja. Baada ya hapo mwendeshaji anachoka na mgombea anaanza kuhutubia.

Mimbari tupu yenyewe isifanyiwe mzaha. Hakuna kuweka picha ya katuni, hakuna kuelekeza kamera pale kila dakika mbili. Ionyeshwe mwanzoni, na kila swali lake linaposomwa, basi.

Kuhusu nani anaalikwa. Kwa urais kigezo kilichotumika hapa ni asilimia 5 katika kura za maoni. Marekani tume yao ya midahalo ilitumia asilimia 15 kuanzia mwaka 2000. Nambari yoyote itapingwa. Mwaka 2013 Paul Muite alikwenda mahakamani kudai nafasi, na mimbari ikaongezwa dakika za mwisho. Kuna jambo la kitaalamu ambalo waandaaji wengi hawalioni: kura ya maoni ya watu 1,000 ikimpa mgombea asilimia 5, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 3.6 na 6.4. Kumtoa mtu mwenye 4.5 na kumweka mwenye 5.2 ni kurusha shilingi hewani. Mkitumia kigezo hicho, chukueni wastani wa kura tatu kutoka kampuni tatu tofauti, tangazeni mapema tarehe ya mwisho ya kura zitakazohesabiwa, na asubuhi ya tarehe hiyo chapisheni hesabu yote.

Kwa kaunti na wadi sahauni kura za maoni, hazipo au haziaminiki. Alikeni kila aliyeidhinishwa na tume ya uchaguzi, IEBC. Wakizidi sita, gawanyeni vikao viwili kwa kura ya kikapuni mbele ya mawakala wao. Mgombea aliyepangwa kikao cha kwanza kwa bahati hawezi kulalamika kwamba amedharauliwa, jambo ambalo yule aliyepangwa huko kwa asilimia analo mdomoni kabla hajashuka garini.

Sasa hesabu ya muda, kwa sababu hapa ndipo midahalo ya kaunti inapokufa. Chukua dakika 90 na wagombea wawili. Mwendeshaji anatumia 3 kufungua na kusoma kanuni. Kila mgombea ana dakika moja na nusu ya kujitambulisha na nyingine kama hiyo ya kufunga: jumla 6. Zimebaki 81. Swali moja lina sekunde 30 za kuulizwa, majibu mawili ya sekunde 90, majibizano ya sekunde 45 kila upande, na dakika moja ya swali la kufuatilia. Hiyo ni dakika 6. Unapata maswali 13. Ni mdahalo kamili.

Weka wanane mahali pa wawili. Kufungua na kufunga peke yake kunakula dakika 24, na mwendeshaji anahitaji 4. Zimebaki 62. Swali moja likijibiwa na wote wanane kwa sekunde 90 linachukua dakika 12 na nusu, bila majibizano hata kidogo. Maswali manne. Mmefunga barabara, mmelipia ukumbi, mmeleta kamera, mkapata maswali manne na gwaride la salamu.

Dawa yake ni kuondoa hotuba za kufungua, ambazo hata hivyo ni sala na shukrani, na kuacha kumuuliza kila mtu kila kitu. Kila swali lijibiwe na watatu waliotoka kwenye kura, kisha wengine wawili wanaotaka kupinga wapewe sekunde 30 kila mmoja. Swali zima linachukua dakika 6. Hapo mnapata maswali 12, na kila mgombea anajibu kikamilifu manne au matano. Hakikisheni mpangilio wa kura unafanywa kabla, umechapishwa, na mwendeshaji anausoma tu. Akianza kuchagua kwa kichwa chake, mtu wa mwisho kulia atasahaulika, na ndugu zake wako ukumbini.

Makofi nayo yana bei. Sekunde 10 za shangwe mara 40 ni karibu dakika 7, yaani swali zima na zaidi. Kwa mdahalo wa taifa maoni yangu ni kwamba ukumbi uwe mtupu, kama walivyofanya CNN kwa Biden na Trump Juni 2024. Kwa wadi haiwezekani, na si vizuri, maana watu wanataka kumwona mtu wao. Basi gaweni viti kwa usawa, tawanyeni wafuasi wasikae mkusanyiko mmoja, na mwendeshaji asimamishe saa ya mgombea anayepigiwa makofi? Hapana. Aiache itembee. Wakigundua kwamba makofi yanakula muda wa mtu wao, watanyamaza wenyewe kabla ya swali la tatu.

Maswali. Swali baya kuliko yote ni "Utafanya nini kuhusu afya?" Linamruhusu mgombea kufungua ilani na kusoma. La pili kwa ubaya ni swali la matawi matatu, kwa sababu atajibu tawi analolipenda. Swali zuri lina jambo moja na lina gharama: umeahidi hiki, fedha zitatoka katika mradi gani, na nani atapunguziwa?

Lakini kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi katika redio za kaunti ni kumuuliza mtu kazi isiyo yake. Jedwali la Nne la Katiba limegawanya kazi. Gavana ana shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Gavana ana zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa si zake. Kilimo ni chake, polisi si wake. Mwakilishi wadi kazi yake ni kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti, hajengi barabara. Ukimuuliza mgombea wa uwakilishi wadi atajenga kilomita ngapi za lami, umemfundisha kudanganya na umewafundisha wasikilizaji kuutarajia uongo huo. Muulize atapiga kura vipi bajeti ya kaunti itakapofika mezani. Kabla ya kuchapisha maswali, mtu mmoja akae na Jedwali lile, apitie swali kwa swali, na aliye na kalamu nyekundu asionewe haya.

Maswali ya umma yakusanyeni wiki tatu kabla kwa ujumbe mfupi na kwa kutembelea masoko. Yapangeni kwa mada. Mtaona mada tano au sita zinameza karibu yote. Orodha ya mwisho ijulikane na watu wawili tu pamoja na waendeshaji. Nakala zipewe nambari na zikusanywe. Isitumwe kwa WhatsApp hata kwa mhariri mkuu.

Nije kwa mafundi. Tarehe 23 Septemba 1976, katika ukumbi wa Walnut Street kule Philadelphia, wagombea urais wa Marekani, Gerald Ford na Jimmy Carter, walikuwa wakikaribia mwisho wa mdahalo wao sauti ilipokatika hewani. Ilikatika kwa dakika 27. Wote wawili walibaki wamesimama mimbarini mwao, mmoja akipangusa jasho, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika nini kifanyike na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi mbele ya mamilioni ya watu. Kilichoharibika kilikuwa kifaa kidogo cha elektroniki katika kikuza sauti. Njia ya sauti kwenda hewani ilikuwa moja.

Kwa hiyo kila mgombea awe na vipaza sauti viwili kwa njia mbili: kimoja cha kubana kwenye nguo, kisicho na waya, na kimoja cha mimbarini, chenye waya. Viingie kwenye meza ya sauti kwa njia tofauti, na toka mezani hadi mtamboni pawe na nyaya mbili zisizopita mahali pamoja. Betri mpya ziwekwe dakika 30 kabla ya kuanza, si asubuhi wakati wa majaribio. Msimamizi wa jukwaa awe ameshika kipaza sauti cha tatu mkononi, kimewashwa. Na sentensi moja iandikwe katika kanuni: sauti ikikatika kwa zaidi ya dakika mbili, wagombea wataketi, saa itasimama, na swali litarudiwa upya.

Kuzima kipaza sauti cha asiyezungumza kulianza kuzungumzwa sana baada ya mdahalo wa Trump na Biden wa 29 Septemba 2020, uliojaa kukatizana. Mdahalo uliofuata, 22 Oktoba, kila mmoja alizimiwa wakati mwenzake akitoa jibu la kwanza la dakika mbili. Mwaka 2024 CNN walizima kwa muda wote ambao si zamu ya mtu. Inafanya kazi, ila ina mtego. Aliyezimiwa bado anasikika na mwenzake aliye karibu, na sauti yake inaingia kwa mbali katika kipaza sauti cha mwenzake. Mtazamaji nyumbani anamwona mgombea akigugumia bila sababu. Tenganisheni mimbari kwa mita mbili na nusu angalau, wekeni taa ndogo inayoonyesha kipaza sauti kimezimwa ili mgombea asilalamike kuhujumiwa, na jina la fundi anayeshika swichi liwe limekubaliwa na kambi zote kwa saini. Huyo fundi asiwe na kazi nyingine usiku huo.

Saa ya wagombea iwe na tarakimu pamoja na rangi. Kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Umeme. Jenereta nzuri huchukua kama sekunde 10 hadi 15 kushika mzigo baada ya umeme kukatika. Sekunde hizo zinatosha kuzima meza ya sauti na kompyuta ya kurusha matangazo, na kompyuta hiyo huchukua dakika kadhaa kurudi. Kwa hiyo meza ya sauti, kompyuta, saa na modemu vikae kwenye betri za dharura. Taa zinaweza kuzimika kidogo, watu watavumilia giza kuliko ukimya. Kwa redio, modemu mbili za mitandao tofauti ya simu, zote zikiwa hewani, si moja ikiwa mfukoni mwa mtu.

Kuna hadithi inayorudiwa katika kila semina kama hii, kwamba katika mdahalo wa urais wa Marekani mwaka 1960 waliomsikiliza Nixon redioni walidhani ameshinda, na waliomwona Kennedy kwenye televisheni wakadhani kinyume. Ushahidi wake ni uchunguzi mmoja mdogo ambao wataalamu wengi wameutilia shaka. Msiutumie kama msaafu. Lakini redio kwetu ni jambo zito kwa sababu nyingine: ndiko wasikilizaji wengi wa vijijini waliko, na midahalo yetu ya urais imefanywa kwa Kiingereza, wakati Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mgombea anayeomba kura sokoni kwa Kiswahili kisha akajitetea kwa Kiingereza studioni anachagua nani amsikie. Kwa midahalo ya magavana na wadi sioni sababu ya kutofanya kwa Kiswahili.

Pale mnapolazimika kutafsiri, wekeni wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30, na kama wagombea ni mwanamume na mwanamke, kila mmoja apate sauti ya jinsia yake, la sivyo msikilizaji anapotea. Mkalimani apewe sauti safi kutoka mezani, asisikilize ya ukumbini. Apewe mapema majina ya miradi na tarakimu kubwa zilizo kwenye ilani, maana milioni na bilioni ndizo zinazoponyoka. Na mtangazaji wa redio ataje jina la anayejibu kila zamu. Msikilizaji hana picha.

Je, haya yote yanabadilisha chochote? Nchini Sierra Leone, uchaguzi wa 2012, watafiti walirekodi midahalo ya wagombea ubunge na kuionyesha vijijini kwa projekta, wakalinganisha na vijiji visivyoonyeshwa. Walioiona walijua zaidi kuhusu wagombea na sera zao, na kura zilisogea kuelekea kwa waliofanya vizuri. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: wabunge waliokuwa wameshiriki midahalo ile walitumia zaidi fedha za maendeleo za majimbo yao baada ya kuchaguliwa. Kumbukeni ulikuwa ubunge, mahali ambapo watu hawakuwa na habari nyingi za wagombea. Hapo ndipo mdahalo una nguvu. Urais kila mtu ameshaamua kwa kiasi kikubwa kabla hajawasha televisheni, na ndiyo maana nawasukuma kwenye kaunti na wadi, ambako shilingi moja ya mdahalo inanunua zaidi.

Rekodi basi isiishie hewani. Mdahalo ukiisha saa tatu na nusu usiku, kufikia saa sita kata vipande vya kila swali, kipande kisizidi dakika 6, kiwe na majibu ya wote walioulizwa na si la mmoja, kisha vitumieni vituo vyote vya lugha za mama asubuhi kabla ya matangazo ya saa kumi na mbili. Mkichelewa mpaka saa nne, vipande vya sekunde 20 vilivyokatwa na kambi vitakuwa vimeshazunguka kila simu. Wanaohakiki ukweli, kama Africa Check na PesaCheck, wapewe rekodi kamili usiku huohuo.

Tarehe, na nimalize. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Kampeni zinafungwa saa 48 kabla. Mwaka 2022 mdahalo wa urais ulikuwa siku 14 kabla ya kura. Mwaka 2013 wa pili ulikuwa siku 7, na hapo hakukuwa na nafasi ya kuuliza swali la ziada. Tukichukua siku 14, tunaangukia Jumanne tarehe 27 Julai. Barua za mwaliko ziondoke tarehe 28 Aprili. Wakati huo wengine watakuwa hawajaidhinishwa na IEBC, kwa hiyo pelekeni kwa chama na kwa anayetajwa, na mchukue saini ya kupokea. Mkutano wa mawakala kabla ya mwisho wa Mei. Kanuni zisainiwe kufikia tarehe 27 Juni, na atakayekataa kusaini atangazwe siku hiyo, mapema, wakati bado ana mwezi mzima wa kuulizwa na wananchi kila anaposhuka jukwaani.

Maswali ya mitambo waulizeni walioketi nyuma, wanajua kuliko mimi. Baada ya chai tutazima umeme wa ukumbi huu tukiwa tunarekodi, tuone jenereta inashika baada ya sekunde ngapi na ni kifaa gani kinaanguka kwanza. Mwenye kompyuta isiyo na betri aihifadhi kazi yake sasa.